Somo: Bustani Inaweza Kuwa Kazi



Vijana wengi hutuuliza, "Tukimaliza shule na shamba la baba ni dogo, tutafanya kazi gani?" Leo tuongee juu ya kazi moja: kupanga na kupanda viwanja vya shule, makanisa, zahanati na nyumba za watu bila kuharibu ardhi. Kitabu cha Mwanzo chatueleza kwamba kazi ya kwanza ya mwanadamu ilikuwa bustani. Basi si kazi ya kudharau.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Kikundi chetu kilipewa kazi ya kupamba uwanja wa shule moja mlimani. Tulifyeka kila kitu, tukapanda maua ya kununua. Mvua ya kwanza ilibeba maua na udongo hadi mtoni, na maji yakaingia darasani. Hatukulipwa pesa zilizobaki, na shule ilikuwa na haki. Tulikuwa tumeanza na maua badala ya maji na udongo.

Mfano mwema uko Bamburi, karibu na Mombasa. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji. Palikuwa mawe matupu. Alijaribu aina 26 za miti, na ni tatu tu zilizostahimili, mmojawapo mvinje. Majani ya mvinje yalikauka bila kuoza, mpaka walipoletwa jongoo wakayala na kuyageuza mbolea. Polepole udongo ukapatikana. Leo pale ni msitu ambao wageni hulipa kuuona, nao huitwa Haller Park.

Sasa, nyinyi mtaanzaje?

1. Tembeeni uwanjani wakati wa mvua. Angalieni maji yanatoka wapi na yanaenda wapi.

2. Tengenezeni fremu ya A: fito mbili zilizo sawa, moja ya kukingama, na uzi wenye jiwe kutoka juu. Uzi ukitulia kwenye alama ya katikati, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Pigeni mambo hapo, msogeze fremu, mwendelee. Mkichimba mtaro kufuata mambo hizo, maji yatatulia na kuingia ardhini.

3. Chagueni miti inayopenda mahali penu. Kule milimani kuna muringa na mukinduri. Msipande mikaratusi karibu na chemchemi, kwa maana hunywa maji mengi. Lantana nayo huanza kama ua wa boma, kisha huvamia malisho.

4. Andikeni hesabu kabla ya kuanza: miche, samadi, nauli, siku za kazi, na kumwagilia wakati wa kiangazi. Mwenye uwanja aikubali na kutia sahihi.

5. Anzeni na kitalu chenu na uwanja wa kanisa lenu. Watu wakiona, huo ndio cheti cha kwanza. Anayetaka kusoma zaidi, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, Juja, hufundisha usanifu wa mandhari hadi digrii.

Maswali ya kujadili
- Ni uwanja gani hapa kwetu unaopoteza udongo kila mvua?
- Wazee wanakumbuka miti gani iliyokuwa hapo zamani?
- Nani kati yetu ataanzisha kitalu kabla ya mvua ijayo?

Msiache swali la mwisho bila jina la mtu.