Mlima Nyiragongo na chombo kinachopima ardhi

Mlima Nyiragongo unasimama kaskazini ya mji wa Goma, karibu na Ziwa Kivu. Urefu wake ni metri 3470. Ni mlima wa moto, maana yake volkano. Ndani ya tundu lake mawe yameyeyuka na kuchemka kama uji katika chungu. Mawe hayo yaliyoyeyuka yanaitwa lava.

Tarehe 17 ya mwezi wa kwanza, mwaka wa 2002, ubavu wa mlima ulipasuka. Lava ikashuka, ikapita katikati ya Goma, ikaingia ziwani. Iliharibu nyumba, maduka na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Watu wengi walikufa, na maelfu wengine walibaki bila nyumba.

Mara nyingi, kabla ya kutoka, lava inasukuma ardhi iliyo juu yake. Ardhi inavimba, lakini santimetri chache tu. Mtu anayelima shamba mlimani hawezi kuona kitu. Kwa hiyo wenye elimu wanatumia chombo kinachopima toka juu sana: satelite yenye rada. Satelite moja ya namna hiyo, jina lake Sentinel-1A, ilirushwa na mataifa ya Ulaya mwaka wa 2014. Iliwekwa kuizunguka dunia, juu karibu kilometri 700.

Rada inafanyaje kazi? Mtoto akipiga kelele mbele ya jabali, sauti yake inamrudia. Rada nayo ni hivi, lakini inatuma mawimbi ya redio. Mawimbi yanashuka, yanagonga ardhi, yanarudi. Giza haliyazuii, wala mawingu, nayo mawingu ya Kivu ni mengi.

Satelite inapita, inapima. Nyuma ya siku 12 inapita tena pale pale, inapima mara ya pili. Kama ardhi haikusogea, vipimo viwili vinalingana. Kama imepanda au imeshuka, havilingani. Tofauti hiyo inachorwa kwa rangi, kama pete za upinde wa mvua. Pete moja inaonyesha kwamba ardhi imesogea karibu santimetri 3.

Lakini chombo hicho hakioni yote. Siku ya posho, tarehe 22 ya mwezi wa tano, mwaka wa 2021, mlima ulipasuka tena jioni. Safari hii ardhi haikuvimba kwanza. Lava ilikuwa imekwisha kupanda karibu na kilele. Ilipopata ufa, ilitoka. Watu walikimbia usiku, wengine mpaka Rwanda. Lava ilichoma vijiji, ikasimama karibu na uwanja wa ndege wa Goma.

Kesho yake lava haikushuka tena. Lakini ardhi iliendelea kutetemeka siku kwa siku, na nyufa zikaonekana katika barabara. Ndipo satelite zikasaidia sana. Picha zao, pamoja na vyombo vya kupima matetemeko, zilionyesha jambo la kutisha: lava nyingine ilikuwa ikitembea chini ya ardhi, ndani ya ufa mrefu, toka mlimani mpaka chini ya Goma na chini ya ziwa. Pengine ingetoka katikati ya mji. Pengine ingetoka chini ya maji ya Kivu, ambayo yana gazi nyingi ya kuua katika vilindi vyake.

Tarehe 27 gavana aliamuru watu wa mitaa 10 ya Goma waondoke. Mamia ya maelfu walifunga mizigo yao. Wengine walikwenda Sake kwa miguu, wengine Bukavu kwa mashua, wengine Rwanda. Wazee walibebwa, watoto walishikwa mkono. Nyuma ya siku kadhaa matetemeko yalipungua. Lava ilisimama chini ya ardhi, haikutoka. Mwezi wa sita watu walirudi.

Je, walikimbia bure? Hapana. Lava ilikuwa imefika chini ya nyumba zao, pungufu ya kilometri moja. Mwenye kutazama kiwanja chake hakuona kitu. Chombo cha juu kiliona.

Satelite inapita siku moja moja tu. Vyombo vya matetemeko vinasikiliza usiku na mchana. Wachunguzi wa volkano wa Goma wanasoma vyote na kuonya watu. Tena kila jamaa inapaswa kujua njia ya kuondokea, kwa maana mlima unaweza kupasuka bila kuonya.

Maulizo
1. Lava ni nini?
2. Kwa nini mawingu hayaizuii rada?
3. Satelite inajuaje kwamba ardhi imesogea?
4. Mwaka wa 2021, jambo gani halikuonekana mbele? Jambo gani lilionekana nyuma?
5. Kama mlima ukipasuka usiku, jamaa yako itapita njia gani? Uliza wazazi wako.