Mti na Mauti: Kisasili cha Korkyt na Zeze la Wakazakhi

Wachambuzi wa fasihi simulizi wamezoea kuisaka maana katika maneno ya fanani. Hata hivyo, zipo jamii ambamo ala anayoipiga fanani hubeba nusu ya kisa. Kobyz, zeze la kale la Wakazakhi wa Asia ya Kati, ni mfano bora.

Kobyz huchongwa kwa mkono kutokana na kipande kimoja cha mti. Tumbo lake hukombwa likawa mfano wa bakuli, na sehemu ya chini huwambwa ngozi, aghalabu ya ngamia. Nyuzi ni mbili tu, za singa za farasi, nao uta wa kuzipigia una singa zizo hizo. Mpigaji hazikandamizi nyuzi kwenye shingo ya zeze. Huzigusa tu, ndiposa sauti hutoka nzito, yenye mikwaruzo, karibu na kilio cha binadamu.

Kisasili chadai kuwa aliyeibuni ni Korkyt, mtu aliyekataa kufa. Alizikimbilia pembe zote za dunia, na kila alikofika alikuta watu wakichimba kaburi. Alipouliza ni la nani, alijibiwa: la Korkyt. Katika baadhi ya masimulizi, hata mti uliooza msituni ulimwambia kwamba mwisho wake nao u njiani. Ndipo akachonga kobyz, akarudi kwenye mto Syr Darya, akatandika zulia juu ya maji, akapiga bila kukoma. Mauti hayakuthubutu kumkaribia maadamu alipiga. Hatimaye usingizi ukamshinda, nyoka akamuuma.

Kinaya hapa kimo katika mti. Kitu kilichotangaza kifo ndicho kilichogeuzwa silaha ya kukipinga. Korkyt hana upanga wala farasi wa ajabu kama mashujaa wengi wa tendi, na kinachomwangusha si nguvu za adui bali uchovu wa mwili wake mwenyewe.

Ala yenyewe nayo ilipigania uhai. Kwa kuwa ilitumiwa na baksy, yaani waganga wa jadi, utawala wa Kisovieti uliitilia shaka. Kuanzia miaka ya 1930 ikaundwa upya kwa ajili ya okestra, ikakaribia kuwa fidla. Kobyz ya singa ilinusurika mikononi mwa wachache, pamoja na tungo za bingwa Ykhlas Dukenuly (1843–1916). Mnamo 2018, UNESCO iliuorodhesha urithi wa Korkyt kwa niaba ya Kazakhstan, Azerbaijan na Uturuki. Karibu na Syr Darya upo pia mnara wa ukumbusho uliojengwa mwaka 1980, wenye mabomba ndani yake. Upepo wa nyika uvumapo, mnara huo hulia kama kobyz.