Jua Linakwenda, au Sisi Ndio Tunaokwenda?



Liko swali moja linaloulizwa mara nyingi katika mafundisho, na mara nyingi sisi walimu hulipita haraka. Mtoto hurudi kutoka shuleni, akamwambia babu yake kwamba si jua linaloizunguka dunia, bali dunia ndiyo inayojizungusha. Mzee hucheka, kwa maana tangu utoto wake ameliona jua likitembea juu ya kichwa chake. Kisha mkatekumeni aliyesikia maneno yao hufungua Maandiko Matakatifu, kitabu cha Yosue, sura ya 10, akasoma kwamba Yosue aliliamuru jua lisimame, nalo likasimama. Hapo moyo wake hufadhaika. Je, Kitabu cha Mungu kimekosa? Au mwalimu wa shule ni mwongo? Wako watu walioiacha imani kwa ajili ya shaka kama hiyo, na wako wengine walioichukia elimu, nao wote wamepata hasara bure. Basi kabla ya kujibu yatupasa kuuliza jambo lililo dogo kwa sura yake: tukisema kwamba kitu "kinakwenda", tunasema nini?

Twende mtoni. Umepanda mtumbwi pale Kasongo-Rive, nao wapiga kasia wamepumzika, wameuacha mtumbwi uchukuliwe na maji ya Lualaba kuelekea kaskazini. Karibu nawe kinaelea kipande cha mti. Unakitazama kwa muda mrefu: hakikukaribii wala hakikuachi. Ukijilinganisha na kipande hicho, mtumbwi wako umesimama. Sasa inua macho utazame ng'ambo. Michikichi ya ukingoni inapita mmoja baada ya mwingine. Ukijilinganisha na ukingo, mtumbwi wako unakwenda. Mtumbwi ni ule ule, saa ni ile ile, na maneno yote mawili ni ya kweli.

Tena, ukungu wa asubuhi ukishuka mzito hata usiuone ukingo, na maji yakiwa shwari, hutajua kama mtumbwi unakwenda au umefungwa kwa kamba. Wala usidhani kwamba ni udhaifu wa macho tu. Ondoa ukingo kwa mawazo yako, ondoa kipande cha mti, ondoa na maji, ondoa kila kitu ulimwenguni usibakize ila mtumbwi mmoja peke yake. Je, unakwenda? Unatoka wapi? Unaelekea wapi? Neno lenyewe limekosa mahali pa kushika.

Jambo hili halikuvumbuliwa na adui za Kanisa. Mwaka 1440 padri mmoja, Nicolaus Cusanus, ambaye baadaye alifanywa Kardinali, aliandika kitabu kwa lugha ya Kilatini, na ndani yake akatoa mfano wa mtu aliye chomboni katikati ya maji, asiyeuona ukingo na asiyejua kwamba maji yanakwenda; akauliza, mtu huyo atajuaje kwamba chombo chake kinasogea? Baba yake alikuwa mwenye mashua katika mto Mosel, nchi ya Ujerumani, nami naona kwamba mwana wa mto alilifahamu jambo hilo upesi kuliko mwana wa mlima. Mwaka 1632 Galileo wa Italia akaendelea zaidi. Alisema: jifungie ndani ya chumba cha merikebu, uweke chupa ya maji idondoke juu ya chombo kilicho chini yake. Merikebu ikiwa imetulia bandarini, kila tone huangukia chombo. Merikebu ikienda kwa mwendo ule ule bila kuyumba, matone huangukia pale pale. Ndani ya chumba hakuna alama yoyote itakayokuambia kwamba unakwenda. Na Albert Einstein, mwaka 1905, alifundisha kwamba hata nuru yenyewe haiwezi kuufichua mwendo wa namna hiyo, yaani mwendo ulionyoka usioongezeka wala kupungua.

Sasa turudi kwa jua. Watu wa Kasongo husema kwamba jua hutoka upande wa Kabambare. Watu wa Kabambare husema kwamba jua huenda kutua upande wa Kasongo. Hakuna aliyesema uwongo. Kila mmoja amepima kwa ardhi aliyoikanyaga. Lakini yeye apimaye kwa jua na kwa nyota ataiona dunia yetu ikijizungusha kuelekea mashariki, ikituchukua sisi sote pamoja na mashamba na makanisa yetu, zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Ndiyo sababu Kabambare huliona jua mapema kuliko Kasongo, karibu dakika nne. Njia inayomchosha mtembea kwa miguu siku nyingi, dunia huimaliza kwa dakika hizo nne, nasi hatusikii hata upepo, kwa kuwa hewa nayo inakwenda pamoja nasi, kama kile kipande cha mti.

Basi Yosue alisema kama watu wote wasemavyo waliosimama juu ya ardhi. Hata mtaalamu wa nyota, akitaka kuondoka nyumbani mapema, humwambia mkewe kwamba ataondoka jua likichomoza. Hamwambii kwamba dunia itakuwa imegeuka kadiri fulani. Papa Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1893 juu ya Maandiko Matakatifu, alifundisha kwamba waandishi watakatifu hawakukusudia kutueleza umbo la ndani la vitu vionekanavyo, bali walivitaja kadiri vinavyoonekana kwa macho, kwa lugha ya watu wa siku zao. Hayo Mtakatifu Agustino alikwisha kuyadokeza zamani.

Wala tusiwafiche wakatekumeni habari iliyo chungu. Mwaka 1633 mahakama ya Kanisa huko Roma ilimhukumu Galileo kwa sababu alishika mafundisho ya kwamba dunia inakwenda. Waamuzi wale waliogopa kwamba Maandiko yatavunjwa. Walichanganya neno la imani na namna ya kusema. Mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II alikiri hadharani kwamba walikosa. Mkristu hana haja ya kuona haya kulisema jambo hilo, wala hapaswi kungoja mpaka alisikie kwa mtu anayemdhihaki.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: ikiwa mwendo wote ni kulinganisha tu, je, si sawasawa kusema kwamba dunia imetulia na mbingu yote inaizunguka? Hapa yafaa tutembee polepole. Mwendo ulionyoka hujificha, lakini mwendo wa kuzunguka una shahidi wake. Tundika ndoo ya maji kwa kamba, uisokote kamba sana, kisha uiachilie. Mwanzo ndoo inazunguka, maji yametulia, na uso wake ni sawa. Baadaye maji yanazunguka pamoja na ndoo, nayo hupanda pembeni na kuacha shimo katikati. Tazama vema: wakati huo maji na ndoo vinakwenda pamoja, kimoja hakisogei mbele ya mwenzake, lakini maji yenyewe yanaonyesha kwamba yanazunguka. Isaac Newton, aliyeeleza habari ya ndoo hiyo mwaka 1687, alisema kwamba maji yanazunguka kwa kulinganishwa na nafasi yenyewe, iliyo tupu na isiyosogea. Ernst Mach alimpinga mwaka 1883, akasema kwamba tusiisahau ile jamii kubwa ya nyota, maana hakuna mtu aliyepata kuizungusha ndoo mahali pasipo na nyota. Mabishano hayo wenye elimu hawajayamaliza hata leo.

Lakini dunia nayo ina shahidi kama yale maji. Huko Paris, mwaka 1851, Léon Foucault alitundika tufe zito kwa waya mrefu, akaliacha libembee. Saa zilipopita, njia ya kubembea ikaonekana inageuka polepole, kwa sababu sakafu iliyo chini yake ilikuwa ikigeuka pamoja na dunia. Paris njia hiyo humaliza mzunguko kwa muda wa saa 32 hivi. Kwetu Kasongo, tulio karibu na ikweta, ingehitaji siku kama 13. Kwa hiyo mtoto wa shule amesema kweli, na mzee naye hajasema uwongo.

Yako matumizi mengine ya fundisho hili, yanayomhusu mkatekumeni mwenyewe. Kumbukeni Farisayo aliyesali hekaluni, katika Injili ya Luka, sura ya 18. Alitaka kujua amefika wapi katika njia ya Mungu, akamtazama mtoza ushuru aliyesimama nyuma, akajiona yuko mbele sana. Kipimo chake kilikuwa mtu mwingine aliyechukuliwa na maji yale yale. Nasi pia husema: mimi sinywi pombe kama fulani, mimi nahudhuria mafundisho kuliko fulani. Mitumbwi miwili ikichukuliwa pamoja kuelekea kwenye maporomoko, wanaotazamana huonana wametulia kabisa. Mtoza ushuru hakumtazama Farisayo. Alimlinganisha nafsi yake na Mungu, akajipiga kifua.

Je, Mungu mwenyewe? Tunaungama kwamba Mungu hageuki. Wengine husikia hivyo wakamwazia kama jiwe kubwa lililotulia. Lakini tumekwisha kuona kwamba hata jiwe hutulia kwa kulinganishwa na kitu kingine: jiwe la ukingoni limetulia mbele ya michikichi, nalo linakimbia mbele ya jua. Utulivu wa jiwe nao ni jambo la kulinganisha. Mtakatifu Toma wa Akwino alipotumia neno "mwendo" hakuwaza habari ya mahali tu; alitaja kila kugeuka, maji baridi yakipata moto, mtoto akijifunza asichokijua. Kila kitu cha namna hiyo hupokea kitu ambacho hakikuwa nacho. Mungu hapungukiwi na lolote apate kulipokea. Ndiyo maana hageuki, naye yu karibu na mtu wa Kabambare sawasawa na mtu wa Kasongo, bila kusafiri.

Maswali ya kuzungumza na mwalimu wenu

Watu wawili wamekaa katika mtumbwi mmoja unaochukuliwa na maji. Wanakwenda au wametulia? Kila anayejibu ataje analinganisha na nini.

Mtu akikuambia kwamba kitabu cha Yosue kimekosa, utamjibuje pasipo kumdhihaki mwalimu wa shule?

Leteni ndoo na kamba, mfanye jaribio la Newton nje ya kanisa. Maji yanapanda pembeni lini: ndoo inapoanza kuzunguka, au maji yanapokuwa yamekwisha kuifuata?