Tetemeko la Ardhi

Tarehe 10 Septemba, 2016, siku ya Jumamosi, saa 9:27 alasiri, ardhi ilitetemeka katika Mkoa wa Kagera. Kuta zilipasuka, na katika mji wa Bukoba na vijiji vya jirani nyumba nyingi ziliporomoka. Watu zaidi ya 15 walikufa na mamia waliumia. Mtikisiko huo ulisikika hata katika nchi za Uganda na Rwanda. Je, ni nguvu gani inayoweza kuitikisa nchi namna hiyo?

Hapo kale watu walilijibu swali hili kwa njia mbalimbali. Huko Japani walisimulia habari za kambare mkubwa aliyelala chini ya ardhi. Akijigeuza, nchi hutikisika. Mahali pengine watu walidhani kuwa tetemeko ni adhabu, wakamtafuta mtu wa kulaumiwa. Sisi tutatafuta jibu kwa kuchunguza.

Jaribio la 1

Chukua kijiti kikavu chenye unene wa penseli. Kishike ncha zote mbili, kisha ukipinde polepole. Mwanzoni kijiti hupindika tu. Endelea kukipinda. Nini kinatokea? Unasikia nini? Mikono yako inahisi nini?

Umeona kwamba kijiti huvunjika ghafla, na mikono huhisi mtikisiko. Nguvu uliyoitia polepole imetoka yote mara moja.

Chanzo cha tetemeko

Tabaka la nje la dunia ni la miamba migumu. Tabaka hilo si kipande kimoja, bali limegawanyika katika vipande vikubwa sana viitwavyo mabamba. Mabamba haya husogea polepole. Upande wa mashariki wa Afrika unaachana na sehemu nyingine ya bara kwa milimita chache tu kila mwaka. Kucha za vidole vyako hukua upesi kuliko hivyo! Hata hivyo, mwendo huo mdogo, ukiendelea kwa mamilioni ya miaka, ndio uliofanya Bonde la Ufa. Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa yamo katika bonde hilo.

Mabamba yanaposogea, miamba hung'ang'aniana. Hupindika kama kile kijiti, pengine kwa mamia ya miaka. Mwishowe hushindwa kuvumilia. Hapo hukatika au huteleza ghafla penye ufa, na mtikisiko husambaa kila upande, kama mawimbi ya maji unapotupa jiwe bwawani. Hilo ndilo tetemeko la ardhi.

Mahali chini ya ardhi ambapo tetemeko huanzia huitwa kiini. Mahali juu ya ardhi palipo sawasawa juu ya kiini huitwa kitovu. Kiini cha tetemeko la Kagera kilikuwa kilomita 40 hivi kwenda chini. Wataalamu hupima mitikisiko kwa chombo kiitwacho seismografu. Tetemeko la Kagera lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Tetemeko la Rukwa la mwaka 1910 lilikuwa na ukubwa wa 7.4, nalo ni miongoni mwa makubwa yaliyopata kutokea Afrika.

Volkano pia huweza kuleta matetemeko. Miamba iliyoyeyuka inapopanda kutoka chini, huisukuma na kuipasua miamba migumu. Mwezi Julai, 2007, ardhi ilitetemeka mara nyingi karibu na mlima Oldoinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania. Mwezi Septemba mlima huo ulilipuka.

Jaribio la 2

Panga viberiti sita, kimoja juu ya kingine, juu ya dawati. Panga vingine sita kando yake, lakini hivi uvifunge pamoja kwa uzi. Tikisa dawati. Ni vipi vinavyosambaratika?

Nyumba nazo ni hivyo hivyo. Mara nyingi watu hawauawi na mtikisiko wenyewe, bali na kuta na mapaa yanayowaangukia. Nyumba ambayo kuta zake zimefungwa pamoja kwa mkanda wa zege lenye nondo huvumilia kuliko nyumba ya matofali yaliyopangwa tu.

Namna ya kujikinga

Hakuna mtu awezaye kutabiri siku na saa ya tetemeko. Kwa hiyo kumbuka mambo haya:

1. Ukiwa darasani, ingia chini ya dawati, ulishike, na ukinge kichwa chako. Usikimbie wala usimsukume mwenzako mlangoni.
2. Ukiwa nje, kaa mbali na kuta, miti na nguzo za umeme.
3. Mtikisiko ukiisha, tokeni nje kwa utaratibu, mkiwasaidia wadogo na walioumia.
4. Usirudi katika nyumba yenye nyufa. Matetemeko mengine huweza kufuata na kuiangusha.

Maswali

1. Kijiti cha Jaribio la 1 kinafanana na nini ardhini?
2. Eleza tofauti kati ya kiini na kitovu.
3. Kwa nini matetemeko hutokea mara kwa mara karibu na Bonde la Ufa?
4. Jirani yako anasema kwamba tetemeko limeletwa na mtu mwovu kijijini. Utamweleza nini?
5. Chunguza darasa lenu. Ni vitu gani vinavyoweza kuwaangukia? Mwonyesheni mwalimu wenu, kisha mviondoe au mvifunge imara.