Maswali na Majibu: Pepo za Msimu, Majahazi na Njia ya Upareni

Swali 1: Same iko mbali na pwani. Pepo za msimu zinaihusu nini?
Jibu: Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hugonga ubavu wa mashariki wa Milima ya Upare na kuangusha mvua huko. Ndiyo maana Gonja, ubavuni huko, kuna kijani, na mji wa Same, ulio upande wa pili, ni mkavu. Upepo huohuo ndio ulioendesha majahazi.

Swali 2: Eleza kaskazi na kusi.
Jibu: Kaskazi, Novemba hadi Machi, ilileta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na India. Kusi, kuanzia Aprili, ilivirudisha vilikotoka. Wengi wakijibu huishia hapo. Ongeza kwamba kusi ikichacha, Juni na Julai, bahari huwa chafu. Aliyechelewa kutweka alikaa pwani miezi.

Swali 3: Nahodha alipimaje alipo?
Jibu: Waarabu walitumia kifaa kiitwacho kamal: kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Nahodha alibana fundo kwa meno, akanyoosha uzi, akalinganisha ukingo wa chini wa kibao na upeo wa bahari, wa juu na Nyota ya Kaskazini. Kila fundo lilikuwa latitudo ya bandari fulani.

Swali 4: "Vasco da Gama aligundua njia ya India." Jadili.
Jibu: Kataa. Njia ilikuwapo karne nyingi. Aprili 1498 alipewa rubani Malindi, akafika Calicut mwezi Mei, chini ya mwezi mmoja. Kurudi, alitweka kabla kaskazi haijatulia. Kuvuka kulichukua karibu miezi mitatu, na mabaharia wengi walikufa kwa kiseyeye. Tofauti hiyo ndiyo hoja yako kuu. Usiandike kwamba rubani alikuwa Ahmad ibn Majid. Wanahistoria wengi hawakubali.

Swali 5: Upare uliunganishwaje na bahari?
Jibu: Karne ya 19 misafara ilitoka Pangani, ikafuata bonde la Mto Pangani kando ya Milima ya Upare hadi Kilimanjaro. Ilipanda na nguo, shanga na waya, ikashuka na pembe za ndovu na watumwa. Usiwaruke watumwa: Wapare nao walitekwa wakauzwa, na jibu lisilowataja halijakamilika. Mtaje pia Profesa Isaria Kimambo; kitabu chake cha historia ya kisiasa ya Wapare kilitoka 1969.