Kambare Sebuleni: Ya Kujua Kabla ya Kumfuga Kwenye Tangi la Kioo

Nyumba isiyojulikana mkubwa ni nani huitwa nyumba ya kambare: baba ana sharubu, mama ana sharubu, watoto nao wana sharubu. Sharubu hizo, jozi nne kuzunguka mdomo, zina kazi kubwa. Kambare ana macho madogo na huwinda gizani. Sharubu ndizo zinazomwonjesha maji na kumpeleka kwenye windo. Kijitabu hiki ni cha anayetaka kumfuga kambare mumi kwenye akwariamu, amtazame tu, bila kumfikiria kama kitoweo.

Kifaranga wa kambare huuzwa akiwa na urefu wa kidole. Ni mchangamfu, na hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Bwawani, akilishwa vizuri, anaweza kufika kilo moja kabla ya mwaka kuisha; mtoni na ziwani hupita urefu wa mita moja. Usimsikilize anayesema samaki hukua kufuata ukubwa wa tangi. Samaki aliyedumaa tangini ameumizwa na nafasi finyu na maji mabaya. Kwa hiyo, kabla hujalipa, mwulize mfugaji anayekuuzia: akifika sentimita 40, utampokea? Akisita, tafuta mfugaji mwingine.

Mdomo wake

Kinachoingia mdomoni mwa kambare ni chakula. Perege wadogo na samaki wa mapambo wanaweza kukaa naye wiki tatu kwa amani, ukaanza kujisifu kwa majirani kwamba wako ni mpole. Kisha asubuhi moja unawahesabu, hawatimii. Hata ndugu zake hawasalimiki: wanaototolesha vifaranga huwachambua kwa ukubwa mara kwa mara, kwa sababu wakubwa huwala wadogo. Ushauri wetu ni kufuga mmoja peke yake. Ukitaka wawili, walingane.

Mlishe jioni, mara moja kwa siku, chakula cha punje kinachotengenezwa kwa ajili ya kambare. Minyoo ya ardhini au vipande vya samaki viwe vya mara mojamoja. Nyama ya ng'ombe yenye mafuta haimfai. Samaki hai wa kumrushia ili watoto washangilie wanaweza kumletea magonjwa. Mabaki yatoe usiku huohuo.

Tangi na maji

Anza na lita 200, ukijua kwamba akikua atahitaji lita 1,000 na zaidi, au bwawa la saruji nje ya nyumba. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 200, pamoja na kioo na mchanga, linazidi uzito wa magunia mawili ya mahindi, na kabati la runinga halikuundwa kubeba mzigo huo.

Juu ya matamvua, kambare ana kiungo cha kuvutia hewa. Utamwona akipanda, anagugumia hewa, anazama tena. Mwachie nafasi kati ya maji na mfuniko, na mfuniko wenyewe uwe mzito au wenye komeo. Porini, usiku wa mvua, huvuka nchi kavu akijisukuma kwa miiba ya mapezi ya kifuani. Nyumbani safari hiyo huishia chini ya kochi.

Uwezo wa kuvuta hewa humdanganya mwenye tangi. Umeme ukikatika, kambare haishiwi pumzi haraka kama samaki wengine, basi watu hudhani maji machafu hayamsumbui. Kinyesi na chakula kilichooza huzaa amonia, ambayo humuunguza. Bakteria wanaoishi kwenye kichujio ndio wanaoigeuza kuwa naitriti, kisha naitreti isiyo na makali hayo. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kustawi, kwa hiyo tangi jipya lisipakiwe samaki haraka. Badilisha theluthi ya maji kila wiki. Sifongo ya kichujio isuuze kwenye maji yaliyotoka tangini. Klorini ya bomba inaua bakteria uliowasubiri mwezi mzima. Mikoa ya baridi kama Njombe itahitaji hita, iliyokingwa kwa wavu, maana mkia wa kambare huvunja kioo. Chomoa umeme kabla ya kutia mkono.

Hana magamba, hivyo dawa nyingi za samaki, hasa zenye shaba, humpenya vibaya. Pata ushauri wa mtaalamu kwanza.

Akikushinda

Asimwagwe mtoni wala mtaroni. Miaka ya 1960, kambare wa Asia aliletwa Florida, Marekani, kutoka Thailand kwa biashara ya samaki wa mapambo. Akatoka kwenye mabwawa, akasambaa kusini mwa jimbo, na wafugaji wakalazimika kuzungushia mabwawa yao uzio asiingie kula samaki wao. Wakazi wa Ziwa Victoria, waliomwona sangara akiingia, hawahitaji maelezo zaidi.

Mrudishe kwa yule mfugaji mliyeafikiana naye. Asile siku moja kabla ya safari. Mfunike kwa taulo lililolowa, umwinue kwa mikono miwili. Wavu hunasa miiba yake, nayo hutoboa kiganja. Mweke kwenye ndoo yenye mfuniko uliotobolewa, na maji yafunike mgongo tu, ili mdomo ufike juu bila shida.