SOMO: HUZUNI HAIONEKANI USONI



Tarehe 8 Juni 2018, Anthony Bourdain, mtangazaji wa televisheni kutoka Marekani, alijiua akiwa Ufaransa. Mwaka 2013 kipindi chake kilionyesha Goma na Kisangani. Huko New York watu waliacha maua na barua mlangoni pa mkahawa alikokuwa mpishi. Wengi waliuliza: "Alikosa nini?"

Tukifiwa hivyo Muyinga au Gitega, nasi huuliza hivyo, au husema ni laana. Maneno hayo humfunga mdomo jirani mwenye huzuni.

Mtu akisema amechoka kuishi:

1. Msikilize, usimkemee.
2. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo.
3. Usimwache peke yake. Mpeleke kituo cha afya.